Mtoto kusoma shule ya jirani tu: habari ya William Frantz, New Orleans

Wazazi mnaoishi Marekani hii shughuli mnaijua. Mtoto akifikisha miaka mitano unaenda kumwandikisha shule, unaambiwa lete mkataba wa nyumba, lete bili ya umeme au ya maji yenye jina lako, maana huku anwani ndo inaamua mtoto asome wapi. Ukihama nyumba umehama na shule. Ndo maana unakuta watu wamebanana kwenye apatimenti ya bei mbaya, baba, mama na watoto watatu chumba kimoja, sababu tu upande ule wa barabara shule yake inasifika na upande huu haisifiki. Mimi niko Houston, hilo somo nimelilipia kwa hela yangu, na tangu hapo nimekuwa mtu wa kufuatilia hizi shule za mtaani, zilijengwa kwa ajili ya nani, nani alikuwa anaruhusiwa kuingia na nani alikuwa anapita nje ya geti kila siku kwenda kusoma mbali. Na ukifuatilia hayo mambo ukiwa huku kusini, utake usitake, utafika New Orleans, mtaa wa North Galvez, kwenye shule ya msingi inaitwa William Frantz.

Hata kama jina hulijui, shule umeshaiona. Kuna ule mchoro wa Norman Rockwell, ulitoka kwenye gazeti la Look mwaka 1964: binti mdogo mweusi, gauni jeupe, viatu vyeupe, anatembea katikati ya wanaume wanne wenye suti, vichwa vyao havionekani, na ukutani nyuma yake kuna nyanya imerushwa ikapasuka. Huyo ni Ruby Bridges, miaka sita, anakwenda darasa la kwanza William Frantz. Mchoro wenyewe mwaka 2011 ulitundikwa Ikulu ya Marekani wakati wa Obama, na kila mwezi wa pili, ambao huku ni mwezi wa historia ya weusi, watoto wetu wanarudi nyumbani na karatasi ya kupaka rangi ya Ruby, wewe mzazi unaibandika kwenye friji maisha yanaendelea.

Kinachonikera mimi ni kwamba stori inaanza asubuhi anashuka kwenye gari na inaishia anapoingia mlangoni. Shule yenyewe ilikuwepo kabla, na ikaendelea kuwepo baada, na huko baada ndo kuna mambo.

Tuanze na kabla. Frantz ilifunguliwa 1938, shule ya wazungu watupu, ipo ile sehemu wanaiita Upper Ninth Ward, yaani Kata ya Tisa upande wa juu wa mfereji mkubwa wa meli, Industrial Canal, uliofunguliwa 1923 ukaikata hiyo kata vipande viwili. Usifikirie mtaa wa matajiri. Wazungu wa pale walikuwa watu wa bandarini, wa reli, wa viwandani, watu wa mshahara wa wiki. Na weusi walikuwa wanaishi palepale, mitaa miwili mitatu mbele, wananunua kwenye maduka yaleyale, mafuriko yakija yanawakuta wote. Ila ikifika suala la shule kila mtu na njia yake. Shule za weusi zilikuwa zimefurika kiasi kwamba nyingine watoto walisoma kwa zamu, kundi moja asubuhi na lingine mchana, sisi tuliosoma Dar shule za msingi za serikali hiyo hali hatuhitaji kuelezwa. Ruby mwenyewe chekechea alisoma Johnson Lockett, shule ya weusi, wakati Frantz ilikuwa kama mitaa mitano tu kutoka kwao.

Halafu cha ajabu, New Orleans hii hii iliwahi kuwa na shule za mchanganyiko. Baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe, kati ya 1870 na 1877, kulikuwa na shule za serikali ambazo watoto weusi na weupe walisoma pamoja, mpaka siasa zilipogeuka wakafutilia mbali. Na ni hapo hapo New Orleans, mwaka 1892, Homer Plessy alipanda treni akakaa behewa la wazungu makusudi ili akamatwe na kesi iende mahakamani, kesi ikaenda kweli, na mwaka 1896 Mahakama Kuu ya Marekani ikasema kutenganisha watu ni sawa tu mradi huduma zilingane. Zililingana wapi! Na pale Plessy alipokamatiwa, Press Street, siyo mbali na Frantz, ni upande uleule wa mji.

Kuna nyingine nimeipenda sana. New Orleans kulikuwa na tajiri mmoja anaitwa John McDonogh, alimiliki watumwa, alikufa 1850 akaacha mali yake ijenge shule za watoto maskini, weusi na weupe. Shule zikajengwa nyingi mpaka zikapewa namba, McDonogh namba hii, McDonogh namba ile. Kila mwaka watoto wa shule zote walikuwa wanapelekwa kuweka maua kwenye sanamu yake, na utaratibu ulikuwa wazungu wanaanza, wote mpaka wa mwisho, weusi wamesimama juani wanasubiri zamu yao. Mei 1954 weusi wakagoma. Wazazi wakabaki na watoto wao nyumbani, maua hayakwenda. Na hiyo ilikuwa kabla hata hukumu ya Brown haijatoka, ile ya tarehe 17 Mei 1954 iliyosema shule za ubaguzi ni kinyume cha katiba. Kwa hiyo mtu akikuambia weusi wa kusini walikuwa wametulia mpaka mahakama ilipowaamsha, mwambie akasome habari ya McDonogh Day.

Hukumu ikatoka, New Orleans wakafanya nini? Hawakufanya kitu. Miaka sita ya danadana. Wazazi weusi walishafungua kesi yao tangu 1952, wakili wao A.P. Tureaud, mtu wa hapohapo mjini, na jaji aliyewabana wakubwa alikuwa J. Skelly Wright, naye mzaliwa wa hapohapo, mzungu, na kwa kazi ile watu wa daraja lake walimtenga kabisa. Jaji akitoa amri, bunge la jimbo linatunga sheria ya kuizima, jaji anaifuta, wanatunga nyingine. Gavana wao Jimmie Davis alikuwa mwanamuziki, alipata kura akiimba majukwaani, na kazi kubwa aliyojipa mwaka ule ilikuwa kuhakikisha hakuna mtoto mweusi anaingia darasani na wazungu. Ndo maana siku ya Ruby ikaangukia Novemba, siyo Septemba shule zinapofunguliwa.

Wakatunga na mtihani. Watoto weusi wa chekechea waliotaka kuhamia shule za wazungu lazima wafanye mtihani, na lengo la ule mtihani siyo kujua nani ana uwezo, lengo wafeli. Waliomba zaidi ya mia, wakapita wachache tu, baadhi yao wakaamua kubaki walipo, na mwisho wa siku wakabaki wanne, wote wasichana, wote darasa la kwanza. Leona Tate, Tessie Prevost na Gail Etienne wakapangiwa McDonogh namba 19 ng'ambo ya mfereji, na Ruby peke yake akapangiwa Frantz. Ruby baadaye alisimulia kwamba kwa akili yake ya kitoto, kwa vile alifanya mtihani mgumu akafaulu, na jengo lenyewe lilivyo kubwa, alijua anapelekwa chuo kikuu.

Sasa hapa ndo pa kuangalia vizuri, na ndo watu wengi wanaparuka. Kwa nini hizo shule mbili? Mjini kulikuwa na shule za wazungu waliojiweza, Lusher na Wilson, ambako wazazi walisema wenyewe kwamba kama ni lazima, anzieni kwetu, tuko tayari. Bodi ya shule ikawapita. Ikaenda kuanzia Kata ya Tisa, kwa wazungu maskini wa bandarini ambao hawakuulizwa chochote, ambao kitu pekee walichoona wanamzidi mweusi wa jirani ni rangi na hiyo shule. Siwatetei, yale waliyofanya hayana utetezi. Lakini ukitaka kuwasha moto unachagua nyasi kavu, na waliochagua walikuwa wamekaa ofisini.

Jumatatu tarehe 14 Novemba 1960 moto ukawaka. Maofisa wanne wa serikali kuu, wale wa marshal, wakaja nyumbani kwa kina Bridges wakampakia Ruby na mama yake, Lucille, kwenye gari, mitaa mitano tu ile. Nje ya shule watu wamejaa, wanapiga kelele, wanarusha vitu, na Ruby akajua ni Mardi Gras, ile kanivali yao, maana kwa mtoto wa New Orleans watu wengi barabarani wanaopiga kelele na kurusha vitu hiyo ni sikukuu. Siku nzima alikaa ofisi ya mwalimu mkuu anaangalia kwenye kioo wazazi wa kizungu wanaingia na kutoka na watoto wao. Saa za kutoka zikafika akarudi nyumbani. Akaona mbona shule rahisi hivi.

Kuna wanawake walikuwa wanakuja kila asubuhi, wameacha vyombo nyumbani, wanakuja kumtukana mtoto wa miaka sita mbele ya kamera za televisheni halafu wanarudi kupika. Mmoja alikuwa anapiga kelele kwamba atamtilia sumu, ndo maana maofisa wakaagiza asile chochote ila kilichopikwa kwao. Mwingine alikuja na mwanasesere mweusi ndani ya jeneza dogo, na hicho ndo Ruby anasema kilimtisha kuliko kelele zote.

Darasani walikuwa wawili. Mwalimu Barbara Henry, mzungu, binti wa Boston, mgeni mjini, na Ruby. Walimu wengine hawakutaka kumfundisha. Mwaka mzima wa masomo mwalimu mmoja na mwanafunzi mmoja, wamekaa pembeni kwa pembeni, hisabati wao, kusoma wao, mazoezi ya viungo yanafanyika humohumo darasani sababu nje hakutokeki. Ruby akaanza hata kuongea kwa lafudhi ya Boston, mtoto wa wakulima wa Mississippi!

Lakini saa ya chakula mwanzoni alikuwa anakaa peke yake, na hapo ndo kuna kitu kinaniumiza kuliko jeneza. Mama yake alikuwa anamfungia sandwichi na maziwa. Mtoto akawa hali. Sandwichi anazificha kwenye kabati la darasani, maziwa anayamimina kwenye mtungi wa gundi. Siku zikapita, panya na mende wakaanza kutoka, watu kutafuta wanakotokea, wakafungua kabati wakakuta mkate umeoza. Hakugombezwa. Mwalimu Henry akaanza kukaa naye wanakula pamoja, na mtoto akarudi kula. Mzazi yeyote ambaye ameshafungua begi la mtoto jioni akakuta chakula hakijaguswa anajua unavyojisikia, na huyu hakuwa na rafiki wa kumuuliza kwa nini huli.

Nyumbani jioni anaruka kamba na mwenzake, na kile wanachoimba wakiruka ni ile kauli ya waandamanaji wa asubuhi, ile ya kuhesabu mbili, nne, sita, nane, hatutaki kuchanganyika. Ilikuwa na mdundo mzuri. Maana yake hawakuijua.

Wengi hawajui pia kwamba kuna wazungu wachache hawakuondoa watoto wao. Mchungaji mmoja wa Methodist, Lloyd Foreman, alikuwa anamshika mkono binti yake wa miaka mitano anapita naye katikati ya matusi. Mama mwingine, Daisy Gabrielle, naye hivyohivyo na binti yake Yolanda, mpaka mume akaacha kazi kwa shinikizo na familia ikafungasha ikahamia Rhode Island. Na hao watoto wachache waliobaki walikuwa wanafichwa vyumba vingine wasionane na Ruby, alikuwa anasikia sauti zao tu. Mwalimu Henry ndo alikomaa na uongozi, akasema sheria inasema watoto wachanganyike na hapa hamjachanganya mtu, basi kufikia karibu na mwisho wa mwaka wakaanza kuwekwa pamoja. Siku moja mvulana mmoja akamwambia Ruby hawezi kucheza naye, mama yake kamkataza, na akamtajia sababu. Ruby anasema ndo siku aliyoelewa kumbe kelele zote zile zilikuwa juu yake.

Gharama ililipwa na familia. Baba yake, Abon, hakutaka tangu mwanzo. Alipigana vita ya Korea, alijua wewe na mzungu mnaweza kujificha shimo moja risasi zikipita halafu zikinyamaza kila mtu bweni lake. Mama ndo alishikilia, yeye utoto wake uliishia shambani Mississippi, akasema mwanangu asome shule nzuri iliyo karibu. Basi kibarua cha baba kwenye kituo cha mafuta kikaota nyasi. Duka walilozoea kununua likawakataa. Babu na bibi kule Mississippi, waliokuwa wanalima shamba la mzungu kwa mgawo miaka nenda rudi, wakaambiwa waondoke. Kilichowashika ni majirani: mmoja alimpa Abon kazi ya kupaka rangi nyumba, wengine wakalinda nyumba usiku kwa zamu, na asubuhi wanaume wa mtaani walikuwa wanatembea nyuma ya gari la maofisa mpaka shuleni. Hao hawamo kwenye mchoro.

Ng'ambo ya mfereji, McDonogh 19, wale watatu walikuwa peke yao jengo zima, madirisha yamefunikwa karatasi wasionekane kutoka nje, bomba za maji ya kunywa zimezimwa. Walipohamishiwa shule nyingine ya wazungu inaitwa Semmes, darasa la tatu, bila maofisa wa kuwalinda, wanasema kule ndo waliteseka zaidi, walipigwa na kutemewa mate na watoto wenzao. McDonogh 19 yenyewe ikageuzwa shule ya weusi.

Mwaka wa pili pale Frantz, Ruby alirudi akakuta hakuna maofisa, hakuna waandamanaji, darasa limejaa, na Mwalimu Henry hayupo. Mkataba wake haukuongezwa, akarudi Boston. Hakuna aliyemwelezea mtoto. Ruby akaendelea akamaliza pale pale, sekondari akaenda Francis T. Nicholls, iliyoitwa jina la jenerali wa jeshi lililopigania utumwa ubaki.

Halafu? Halafu wazungu wakahama. Wengine tangu 1960 watoto wao walishapelekwa St. Bernard, wilaya ya jirani, ambako bwana mkubwa wao Leander Perez aliwafungulia milango na kuwahubiria wasikubali. Wengine wakaondoka baada ya kimbunga Betsy cha 1965 kuizamisha Kata ya Tisa, wengine taratibu tu, nyumba moja moja. Miaka haikuwa mingi Frantz ikawa shule ya weusi watupu, na hela nazo zikafuata waliohama. Mlango ulifunguliwa, wenye kisima wakaondoka na ndoo. Hapo naongea kama mzazi, siyo mwanahistoria: nikiona mtaa unasifiwa shule nzuri siku hizi nauliza kwanza nani alihamia pale na alikuwa anakimbia nini.

Ruby mwenyewe alirudi kwenye hiyo shule kwa sababu ambayo haikuwa ya sherehe. Mwaka 1993 mdogo wake wa kiume, Milton, aliuawa kwa risasi, Ruby akachukua kulea watoto wake wa kike, na hao watoto walikuwa wanasoma wapi? William Frantz. Akaanza kwenda pale kujitolea, kuunganisha wazazi na walimu, kwenye jengo lilelile, safari hii limechoka, limesahaulika, watoto wote weusi, wengi hali ngumu. Miaka 33 baada ya maofisa wanne na kamera, hakukuwa na kamera hata moja.

2005 jengo likaingizwa kwenye orodha ya taifa ya majengo ya kihistoria. Na mwaka huohuo, Agosti 29, kikaja kimbunga Katrina. Maji yakaingia Kata ya Tisa, shule ikafungwa, ikakaa imeharibika miaka. Wakati mji umetawanyika, watu wako Houston huku kwetu, wako Atlanta, jimbo likachukua shule zaidi ya mia kutoka kwa bodi ya mji, na wafanyakazi wa shule zaidi ya 7,000 wakaachishwa kazi, walimu kwa wapishi kwa madereva, wengi wao wanawake weusi ambao ndo walikuwa nguzo ya hiyo mitaa. Shule zikagawiwa kwa mashirika, zinaitwa shule za charter, hela ya serikali ila uendeshaji wa shirika. Kufikia 2019 New Orleans ukawa mji mkubwa wa kwanza Marekani ambao shule zote za umma ni charter, mpaka 2024 wilaya ilipofungua tena shule yake yenyewe, Leah Chase.

Jengo la Frantz likakarabatiwa, na 2013 ikahamia humo charter inaitwa Akili Academy. Ndiyo, akili yetu hiihii, weusi wa Marekani wana desturi ya kuchukua majina ya Kiswahili na hapa walichagua vizuri. Chumba kimoja, namba 2306, kimerudishwa kilivyokuwa 1960, na mwaka 2014 wakaweka sanamu ya Ruby uwanjani.

Sasa rudi kwenye kile ambacho wazazi wa Ruby walikuwa wanakitaka. Achana na hotuba. Mama alikuwa anataka mtoto asome shule nzuri ya jirani. Basi. Nina shemeji yangu pale New Orleans, mke wa rafiki yangu, Mtanzania, nikamuuliza mtoto anasoma shule gani ya hapo karibu, akacheka. "Shemeji, huku ya karibu siyo yako mpaka ushinde." Akanieleza: unaingia kwenye mfumo wa mji mzima, unaandika shule unazozitaka kwa mpangilio, kompyuta inapanga. Waliokaa karibu wanapewa kipaumbele kwa sehemu ya nafasi lakini siyo zote, ukikosa unapelekwa popote. Mtoto wake yuko kituoni saa kumi na mbili na robo asubuhi, giza, na basi linapita mbele ya shule mbili kabla ya kufika yake. Akaongeza, "Na nikilalamika wananiambia nina uhuru wa kuchagua."

Wapo wanaoutetea huo mfumo na hoja wanazo. Wanasema zamani anwani ilikuwa jela, ukizaliwa mtaa mbovu umesoma shule mbovu, sasa hivi mtoto wa Kata ya Tisa anaweza kuomba shule ya upande wa matajiri, na matokeo ya mitihani yalipanda baada ya Katrina. Mimi na bili yangu ya umeme Houston siwezi kuwacheka. Ila shule ya mtaani haikuwa darasa peke yake. Majirani waliotembea nyuma ya gari la Ruby walikuwa wanajua huyu ni mtoto wa nani, anakaa nyumba ipi, wanajua njia. Ukimweka mtoto kwenye basi akavuka mji mzima, siku ya shida nani atatembea nyuma ya lile basi? Na siku hizi kila tarehe 14 Novemba kuna siku maalumu ya Ruby Bridges, shule nyingi Marekani watoto wanahimizwa kwenda shule kwa miguu kumkumbuka. Shemeji nilipomwambia akasema wa kwake akitoka kwa miguu atafika saa ya kufunga.

Kwa wanaopita New Orleans na wanataka kuona: Frantz ipo North Galvez, ngazi za mbele zinaonekana ukiwa barabarani. Akili ni shule ina watoto wanasoma, msiende siku ya kazi kugonga geti eti mnataka selfi. Anayetaka kuingia ndani avuke mfereji aende McDonogh 19 ya zamani, St. Claude Avenue. Leona Tate alipigania lile jengo lisibomolewe, na tangu 2022 linaitwa TEP Center, herufi za Tate, Etienne na Prevost, chini ni maonyesho ya historia na juu ni nyumba za bei nafuu za watu wa miaka 55 na kuendelea, kwa hiyo kuna wazee wanalala na kupika kwenye madarasa ambayo kabla ya 1960 mtoto mweusi asingekanyaga. Tessie Prevost alifariki 2024. Panga ziara mapema, na kama una watoto wa darasa la kwanza wapeleke, nadhani ndo umri wanaoelewa haraka.